Mkeka wa Mama Mkwe Uliotaka Kuniulia Gearbox na Harusi

Wakuu, salaam aleikum.

Kwa umri wangu nadhani humu jukwaani sina wa kumwamkia, kwa hivyo nasema marahaba mapema, kwa wote.

Juzi kijana mmoja aliuliza hapa. Pikapu yake ni automatic, imezeeka, akifunga tela inavuma, na gea zikibadilika inagonga. Mmemjibu kwa ujuzi mwingi. Mimi si fundi, nitamjibu kwa yaliyonipata. Wala sitatia chumvi. Daktari amenikataza chumvi kwenye chakula, nami nimeona niiache na kwenye maneno.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, Msambweni.

Mzee Salimu, mfanyabiashara wa mbata za nazi, alinunua pikapu kuukuu ya Kimarekani kwa meneja wa shamba aliyekuwa anarudi kwao. Akaniajiri dereva. Kazi yangu kuvuta tela la mbata hadi feri ya Likoni, na wakati wa masika, kuvuta malori yaliyokwama topeni.

Pikapu hiyo haikuwa na klachi.

Jamani, nyinyi mmezaliwa mmezikuta. Sisi hatukuwahi kuona gari linalojibadilishia gea lenyewe. Mimi nilijifunza kwenye lori, mguu wa kushoto umeshazoea kazi yake. Wiki ya kwanza mguu ukitafuta klachi unakuta breki. Mzee Salimu alikigonga kioo kwa paji la uso mara tatu kati ya Msambweni na Ukunda. Ya tatu akaokota kofia yake, akaniambia, "Bakari, huo mguu ufunge kamba."

Nikaufunga kweli, kwa leso ya mamangu, kwenye chuma cha kiti. Nilienda hivyo siku nne.

Sasa tuje kwenye lenyewe.

Mimi kwa Mzee Salimu sikuwa dereva tu. Nilikuwa nimemposa binti yake, Mwanasiti, na posa imekubaliwa. Siku aliyonikabidhi ufunguo alinipa na maneno: "Gari hili likifa mikononi mwako, na harusi imekufa. Asiyeweza kutunza chuma atatunza mtu?"

Mkewe, Bi Mwanakombo, yaani mama mkwe wangu mtarajiwa, naye akataka gari lipendeze. Akasuka mkeka wa ukindu wa rangi tatu, kwa kipimo cha sakafu ya mbele, akaupigilia misumari midogo pembeni usisogee. Nani tena akanyage na viatu? Tukawa tunavua kabla ya kupanda, kama msikitini. Siku moja askari wa barabarani alitaka kukagua ndani, akavua buti. Wallahi nimemwona kwa macho yangu, soksi ina tundu.

Miezi ikapita, gari likaanza kelele.

Kwanza mvumo mwembamba nikipanda mwinuko na tela. Halafu gea ya pili ikawa inachelewa. Injini inalia, gari halina habari, unaanza kukata tamaa, ndipo linagonga *kwap!* na vichwa vyote vinarudi nyuma.

Mji mzima ukawa na mafundi. Mmoja akasema gari lina shetani, lifukizwe ubani. Tukalifukiza. Likaendelea kugonga vile vile, ila sasa likinukia.

Nilipofika Likoni nikamwendea fundi mmoja wa makamo aliyejifunzia kazi kwenye magari ya jeshi wakati wa vita. Akasikiliza mlio, akaniuliza, "Mafuta ya gearbox huyaangalia lini?"

Nikamwambia siyaangalii, hata sijui yanakaa wapi.

"Kwenye gari hili dipstick, kile kijiti cha kupimia mafuta, iko sakafuni, miguuni pa abiria. Ina kifuniko chake."

Tukatazama miguuni pa abiria. Mkeka.

Akachukua koleo ang'oe misumari. Nikamshika mkono kana kwamba alitaka kumchinja mtu. Nikamwambia anipe kopo la mafuta tu, hayo mengine nitayafanya nyumbani.

Sikuyafanya. Wakuu wa bara labda hamtanielewa. Kwetu enzi zile, mama mkwe humpi mkono, huli naye sinia moja, ukimwona njiani unampisha na macho unayashusha. Sasa nianze vipi kumwambia kazi ya mikono yake niipasue? Kopo nikalificha nyuma ya kiti, likakaa wiki nzima, nami nikaendelea kuvuta tela. Nasema kwa aibu: niliogopa, na kila mlio ulikuwa unanisuta.

Ikafika wiki ya harusi. Nikatumwa Majoreni kuchukua vitu kwa jamaa za Bi Mwanakombo. Tukarudi mchana, tela limebeba kitanda, kabati, magunia ya mchele na mbuzi wawili. Mbele tulikaa watatu. Bi Mwanakombo dirishani, mimi kwenye usukani, na katikati shangazi yangu Bi Mishi, kwa sababu mimi na mkwe hatuwezi kukaa bega kwa bega.

Tulipovuka mto Ramisi, kwenye mwinuko, gari likagoma. Nakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, na sisi tunarudi nyuma taratibu kuelekea mtoni. Siku hiyo mguu wa kushoto ulinifaa, uliikuta breki kabla sijaufikiria. Nikavuta breki ya mkono, nikashuka peku, nikatia mawe nyuma ya magurudumu. Harufu ya kuungua imetanda.

Bi Mwanakombo, uso dirishani: "Mishi, hebu muulize kijana, gari lina nini?"

Shangazi akanigeukia. "Unaulizwa, gari lina nini?"

"Mwambie limechoka."

"Amesema limechoka."

"Muulize, limechoka maji au limechoka mafuta?"

Nikilazimisha mara moja tena, gearbox imekwisha, nami nitarudi Msambweni kwa miguu, sina gari wala mke. Nikaona liwalo na liwe. Nikamgeukia mwenyewe.

"Mama, shikamoo. Mafuta ya gea yanatiliwa chini ya mkeka wako. Nimejua tangu wiki jana, nikashindwa kukwambia. Unisamehe."

Shangazi kwa mazoea akaanza, "Anasema mafuta ya gea—"

"Nimesikia, Mishi."

Waliosema ni mbuzi tu.

Kisha Bi Mwanakombo akatia mkono kikapuni, akatoa kisu chake cha kukatia popoo. "Wapi?" Nikamwonyesha. Akakata pande nne, taratibu, kwa unyoofu wa fundi cherehani. Kifuniko kikaonekana. Nikachomoa dipstick: kavu, imelowa ncha tu. Nikatia mafuta injini ikiwa inawaka, nikipima na kuongeza. Nikaweka gea ndogo. Gari likashika, likapanda kimya, nami machozi yakanilenga.

Msambweni Mzee Salimu alitupokea mlangoni. Akachungulia ndani, akaona tundu. "Nani amekata mkeka?"

Nikafungua mdomo. Bi Mwanakombo akawahi.

"Mimi. Na huyu kijana, gari halijui. Lakini kunyamaza anakujua, amenyamaza wiki nzima. Na binti yako unamsikia anavyosema. Waozeshe, watapatana."

Tukaozeshwa Ijumaa.

Kijana mwenye pikapu, nisikilize. Pima mafuta ya gearbox gari likiwa limepata moto, mahali tambarare, ukifuata kitabu cha gari lako. Yakiwa mekundu, shukuru. Yakiwa ya kahawia na yananuka kuungua, kimbilia kwa fundi. Ukivuta tela mlimani tumia gea ndogo, usishindane na gari. Na mlio mdogo usiuzoee. Ukijua kinacholiua gari, sema, hata kama wa kuambiwa ni mkwe. Heshima ya kunyamaza ilikuwa karibu kunitia mtoni na kitanda changu cha harusi.

Haya, nanyi semeni. Nani humu ameficha ubovu wa gari kwa kumwogopa mtu? Andikeni kwa herufi zinazoonekana, maana Mwanasiti ndiye anayenisomea majibu, na kila jibu ana lake la kulisemea.

Uzi huu ameupitia kabla sijautuma. Amefuta aya mbili, akaongeza moja. Sikusema kitu.