Mama aliingia mashine ya picha ya ubongo mara mbili: yaliyotukuta Arua

Wakuu, salaam kwenu wote.

Mimi ni fundi cherehani hapa Koboko, Uganda. Shule niliishia P7, yaani darasa la saba, kwa hiyo mambo ya kitaalam nikiyakosea mnisahihishe bila kunionea huruma.

Uzi huu nimeuandika, nikaufuta, nikauandika tena. Niliyoyaona nitasema nimeyaona, na niliyoambiwa nitasema niliambiwa.

Mama yangu ni mjane, Mnubi wa hapa hapa mjini. Mwaka jana alianza kupatwa na kitu. Yuko anachambua mchele, ghafla mkono wa kulia unakufa, mdomo unavutika upande, maneno hayatoki. Baada ya muda mfupi anarudi sawa, anaendelea na mchele wake.

Kikaondoka, kikarudi.

Kliniki ya hapa ilimpa dawa ya presha. Lakini daktari akasema hajui kama ni presha peke yake au kuna mshipa kichwani umebana. Kama umebana, alisema, siku moja mkono unaweza kufa usirudi. Akatuambia Arua kuna watu wa research wanaopiga picha za ubongo na mishipa yake ya damu, na wanatafuta wagonjwa wa aina hii.

Majirani walisema tusiende, eti wanauza picha za watu ng'ambo. Sikuwacheka. Hata mimi nilikuwa sijui.

Tukaenda, mimi, mama na dada yangu Joweria. Daktari wa ile research ni mwanamke mpole, na niseme ukweli, hakutudanganya. Alieleza kwamba huu ni utafiti, si matibabu. Wakiona kitu watamwambia daktari wetu, lakini inawezekana mama asipate faida yoyote.

Mama akamwuliza, "Sasa hii picha itasaidia nani?"

"Watu wengine, mama. Wa baadaye."

"Hao wa baadaye, wa Koboko iko ndani?"

Daktari akacheka, akasema labda.

"Basi sawa. Mi naingia."

Mashine yenyewe ni MRI, ina sumaku kali sana. Wakatuuliza kuhusu chuma kwa uangalifu. Bangili zikatoka, hereni, pini za mtandio, zote. Wakauliza kama amewahi kupigwa risasi. Hapana. Wakauliza kama amejipaka make-up. Joweria akamtafsiria kwamba wanauliza kama amejipamba, mama akakasirika kidogo. Tangu mzee wetu afariki hajajipamba hata siku moja.

Na ni kweli, hajajipamba.

Walimpa mpira wa kubonyeza kama akishindwa, na vizibo vya masikio. Walimwambia pia kwamba mashine ina kelele. Lakini kuambiwa ni kitu kimoja na kuisikia ni kingine. Inagonga, inanyamaza, inagonga mfululizo. Hata mimi nje ya mlango niliziba masikio.

Mama alitoka amelowa jasho. "Hii sauti mi naijua," akasema. "Tulikimbia nayo mpaka Sudan." Alikuwa msichana wakati risasi za vita zilipotutoa huku kwetu West Nile. Akasema harudi mle ndani tena.

Mtu wa mashine, kijana wa Ajia karibu na Arua, alikuwa anaangalia picha, anaikuza na kuirudia. Nikachungulia. Nyuma ya macho kulikuwa na shimo jeusi, na pembeni yake kila kitu kimepinda. Nilijua ni kansa. Joweria akaanza kulia.

Yule kijana akasema tungoje, huo si ugonjwa. Akaja akamtazama mama usoni kwa karibu, akamwuliza macho yake yana nini.

Yana wanja.

Wakuu, wazee wetu wa kike hupaka wanja kila usiku kabla ya kulala. Kwao ni dawa ya macho, kama wewe unavyopiga mswaki. Ukimwuliza kama amejipamba atakwambia hapana, na hajasema uongo. Kumbe wanja mwingine umesagwa kutoka kwenye mawe yenye madini, na ile sumaku inauona. Mama akasema hata macho yalikuwa yanamwaka moto mle ndani, ila hakubonyeza mpira, alidhani ndiyo kazi ya mashine.

Nimetafuta wa kumlaumu, sijampata. Wao waliuliza. Sisi tulijibu.

Daktari akaeleza kwamba mshipa wanaoutafuta unapita hapo hapo kwenye weusi. Picha ile haiwezi kusema chochote, ingebidi irudiwe. Akaongeza kwamba mama ana haki ya kuacha, na hakuna atakayemkasirikia. Kisha akatoka nje, akatuacha wenyewe.

Sikumshawishi mama. Sikujua kama nina haki ya kumshawishi.

Yeye mwenyewe akamwambia Joweria alete pamba na mafuta. Wanja ulipotoka, alijifunika mtandio mpaka puani, kama mtu aliyefumaniwa na wageni usingizini. Akanigeukia.

"Shika mguu yangu. Ukiachia, mi natoka."

Wakaniruhusu baada ya kunikagua na kunivua mkanda. Niliushika. Kelele zilipoanza, vidole vyake vilijikunja mkononi mwangu na havikukunjuka mpaka mwisho.

Picha ilitoka safi. Mshipa wa kushoto, nyuma ya jicho, umebana kama mpira wa maji uliokanyagwa. Madaktari waliamua si wa kupasua. Daktari wetu akaongeza dawa ya kuzuia damu isigande, na ya kupunguza mafuta kwenye damu.

Tangu hapo mkono haujafa tena. Sisemi amepona. Nimeambiwa inaweza kurudi.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukiingia mashine hiyo, taja kila unachopaka, unachofunga na kilichoshonwa mwilini, hata kama kwako si urembo. Na ninyi mnaopiga picha, ulizeni kitu kwa jina lake. Joweria alimpeleka jirani yetu juzi, anasema siku hizi wanauliza wanja mlangoni.

Mama bado anapaka kila usiku. Daktari wa research alisema hakuna shida, auache tu kabla ya picha ijayo, maana watampiga tena kuona mshipa unaendeleaje. Nilipomwuliza kama atakwenda hiyo picha ijayo, alinijibu, "Wewe iko na kazi siku hiyo?"

Nikasema sina.

Walioingia research kama hii, mlielezwa picha zenu? Na wenye utaalam, kama nimekosea mahali, semeni hapa wengine wasome.