Siku Nilipoazima Mtoto wa Mama Kioko

Hata sasa nikipita karibu na ile ofisi ya uhamiaji najitanda leso mpaka puani, nisije nikatambuliwa, lakini kwa kuwa nyinyi ni wenzangu na mtacheka tu (chekeni, mimi nilishalia, sasa nacheka pia), wacha niwape mkasa wenyewe, jinsi nilivyonusurika kuingia korokoroni kwa sababu ya mtoto ambaye hata si wangu.

Mwajua mimi ni mtu wa Muheza. Nilivuka mpaka pale Lunga Lunga kuja kumtembelea dada yangu hapa Magongo, nikagongewa muhuri wa miezi michache, na kabla miezi haijaisha nikaonana na Kazungu, kijana wa Kigiriama apakiaye mizigo kwenye malori, mtu wa meno meupe na maneno matamu, na mengine mwayajua. Nikaolewa, nikamzaa Sidi, nikamzaa Karisa, na ule muhuri ukachakaa sandukuni. Miaka hupita ukiwa wakoroga uji na kufua nepi, wala hakuna ajaye chumbani kukuuliza kibali. Ila mamangu kule Muheza akaanguka, nyonga ikavunjika, akawa wa kitandani, na kila nikimpigia simu husema neno lilelile: "Niletee wajukuu wangu niwashike." Hakuwahi kuwaona hata mmoja.

Watu wakanionyesha njia za panya, eti wapita wengi. Nikakataa katakata. Nilikuja kwa mlango, nitatoka kwa mlango, nitarudi kwa mlango, maana wanangu ni wa huku, na siku nikifungiwa nje nani atawalea?

Sasa sikilizeni nilipokosea. Nyumba yetu ni ya vyumba vya kupanga na ukumbi katikati, na kwetu hakuna aliye na kila kitu, twaazimana. Mbuzi ya kukunia nazi ni yangu, kinu ni cha Mama Kioko, Mkamba wa chumba cha mbele, ungo ni wa mwingine, na hata kitanda cha wageni huzunguka. Na bombani nilikuwa nimesikia wanawake wakisema mwenye mtoto mchanga mgongoni hafungwi, maafisa humwonea huruma. Wangu wa mwisho alishakuwa mkubwa wa kupanda miembe ya watu. Basi asubuhi ile natoka na wanangu wawili, tumevaa nguo za kanisani, nikamkuta Mama Kioko amejiinamia kwenye beseni la nguo, na mwanawe pembeni anajichezea na povu, na ulimi wangu ukateleza wenyewe:

"Mama Kioko, niazime Kioko."

Akaniuliza kama anayeombwa kinu. "Unampeleka wapi?"

"Uhamiaji, kisiwani. Nitarudi sasa hivi."

"Haya, mchukue, nipate kufua. Lakini asikae njaa, huyo anakula kama lori."

Nikamfunga mgongoni, nikachukua chupa yake ya uji, tukaenda.

Uji uliisha kabla foleni haijasogea. Kioko akaanza kunitafuta kifua, kwanza kwa adabu, kisha kwa makelele, ukumbi mzima ukageuka. Bibi mmoja mzee wa Kimvita aliyekaa karibu nami akasikitika. "Mamangu, mwana yuwalia na njaa nawe wamtazama tu? Mnyonyeshe, wala usione haya," akavua leso yake ya juu akanifunika nayo. Ningesema nini? Nikamhamishia kifuani, nikajifanya namnyonyesha. (Kifua changu kilikauka zamani, tangu Karisa aache ziwa.) Kioko akavuta, akavuta tena, akaona anachezewa, akaniuma kwa vile vijino vyake viwili vipya, nikapiga ukelele mpaka mlinzi akaingia mbio.

Hapo ndipo jina langu likaitwa, nikamrudisha Kioko mgongoni nikaenda.

Dirishani alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, mpole kabisa. Nikamweleza kila kitu kwa ukweli: muhuri uliokwisha, ndoa, mama aliyeanguka, nia ya kwenda kumwona na kurudi. Akawa anaitikia kwa kichwa, nami moyoni nasema mambo si hayo.

"Watoto wangapi?"

"Wawili," nikasema kwa fahari, nikamsogezea vyeti vyao vya kuzaliwa.

Akavisoma, akatuhesabu kwa ncha ya kalamu. "Na huyu wa mgongoni?"

Ningesema ukweli pale, yangeishia pale. Badala yake nikasema, "Huyu... chake bado hakijatoka."

"Baba yake ni huyuhuyu Kazungu?"

Kabla sijafungua kinywa, Sidi (niliyemfundisha mwenyewe kwamba mkubwa akiuliza hujibiwa) akasema kwa sauti safi ya darasani: "La. Baba yake ni Baba Kioko, wa chumba cha mbele."

Jamani, ukumbi uliguna. Yule bibi mzee akainuka pole pole, akaja, akachukua leso yake begani mwangu, akarudi kukaa.

"Si wangu!" nikapiga kelele. "Haki ya Mungu si wangu, nimemwazima tu!"

Afisa akavua miwani. "Umemwazima. Mama, kibali huna, mpaka unataka kuvuka, na mgongoni una mtoto wa mtu."

Niliposikia maneno yale yamepangwa hivyo nilijiona kweli mwizi wa watoto. Polisi akaitwa. Simu ya Mama Kioko ikapigwa, haipatikani (stima ilikuwa imepotea nyumba nzima tangu jana, angechaji na nini?). Nikakalishwa kwenye benchi mbele ya watu wote, Kioko analia, Karisa analia, nami nikaanza kulia, si kwa haya tena bali kwa hofu. Mamangu nitamwambia nini? Na hawa wawili jioni watakula kwa nani?

Sasa, kumbe ziwa la mama lina saa yake. Kule Magongo Mama Kioko alikuwa amejaa maziwa mpaka gauni limelowa kifuani, akaona sirudi, akaacha nguo kwenye beseni akatufuata. Aliingia na mapovu yamemkaukia mikononi, hakumsalimu mtu, akamnyakua mwanawe, akaketi, akamnyonyesha. Kioko akanyamaza hapo hapo.

"Nani amesema ameiba?" Mama Kioko akauliza. "Mimi ndiye nilimpea! Huyu ni mtu wangu, hata saa hii mbuzi yake iko kwangu!"

Polisi ndiye aliyeanza kucheka, afisa akafuata, akajifuta macho. "Nguo ya kuazima haisitiri matako, mama," akaniambia. "Wako hawa wawili na vyeti vyao wangekutosha. Rudi kesho na baba yao."

Jioni Kazungu akanisihi tungoje kwanza watu wasahau. Nikamwambia nyonga ya mamangu haingoji watu wasahau, vaa viatu vyako vizuri kesho. Tukaenda. Mlinzi akatupokea getini akicheka: "Leo umekuja na wangapi?" Nikamwambia wawili na baba yao, fungua. Tukalipa faini, tukaambiwa njooni tena, tukaenda tena, na tena, na kila mara mlinzi aliuliza na kila mara nilimjibu, hadi kibali kikatoka chenye jina langu.

Mamangu aliwashika. Alimpapasa Sidi uso, akampapasa Karisa, akasema wana pua ya babu yao, nikatoka nje nikalia kidogo.

Tangu hapo kinu naazima, ungo naazima, lakini kitu chenye mama wa kukifuata, sikiombi tena maishani. Wakati wa kurudi, pale Lunga Lunga, afisa alizitazama karatasi zetu, akatazama watoto. "Hawa wote ni wako?"

"Wangu, wote wawili," nikasema, na ukumbi wote ukasikia.

Sidi akamtazama yule afisa, akaona heri amtoe wasiwasi.

"Ndiyo," akasema. "Leo hatukuazima."