Poda ya Mapema

Siku ile watu wote wa ua wetu walinimwagia poda, isipokuwa mama.

Nilikuwa nimeketi nyuma ya jiko, mahali pekee nyumbani ambapo mtandao hupatikana, nikiitazama simu. Tangu nitume maombi ya ufadhili wa kwenda kusoma shahada ya pili nje ya nchi, nilikuwa nimejizoeza kuitazama bila kuigusa, kwa sababu niliona habari mbaya huja nikiigusa. Najua ni upuuzi. Chuoni nilisoma takwimu. Hata hivyo sikuigusa mpaka ilipolia yenyewe.

Barua ilikuwa fupi, ya Kifaransa. Ilisema dosye yangu, yaani faili la maombi, ilikuwa "retenu" kwa hatua ya pili. Niliisoma, nikairudia, kisha nikabaki na neno lile moja. Retenu: imewekwa, haijatupwa. Lakini imewekwa pamoja na za akina nani? Mbona hawakuandika neno la pongezi? Labda huwaandikia hivyo wote, ili wasilie mapema. Nilikuwa bado katika maswali hayo mjomba, mdogo wake mama anayeishi nasi, alipokuja kusoma juu ya bega langu.

"Retenu," akasema. "Wamekuchukua, mutoto."

"Bado, mujomba. Ni hatua ya kwanza tu."

"Mimi nilifanya kazi ya reli. Majina ikitoka na uko retenu, uko ndani. Kesho yake unavaa kofia."

Akatoka kuwaambia watu kabla sijainuka.

Kwetu mtu akifaulu mtihani wa Serikali, ule wa kumaliza sekondari, humwagiwa poda ya watoto kichwani mpaka awe mweupe kama aliyetoka kusaga mihogo. Akipita barabarani hakuna haja ya kumuuliza. Siku hizi tunaimwaga hata kwa mambo mengine makubwa. Jirani yetu muuza sombe, majani ya mihogo, ndiye aliyefika wa kwanza, ameshika kopo la mjukuu wake.

"Fumba macho, Mama Daktari."

"Mama, ngoja, haiyaisha bado."

"Kinywa nayo fumba."

Nilikuwa nimesukwa siku chache kabla, na poda ikazama katikati ya misuko. Nilijaribu kueleza, nikakohoa. Wanawake waliimba. Mama alisimama mlangoni na ungo wa mchele.

"Mungengoja kidogo," alisema, si kwa sauti kubwa.

"Dada, unamuonea mutoto wako wivu?" jirani akamuuliza, na wenzake wakacheka.

Mama aliendelea kupepeta, na mimi niliyekuwa na poda kwenye kope niliona kwamba hakuna makapi yaliyoruka. Mchele ule ulikuwa umekwisha kupepetwa.

Jirani alihamia hapa baada ya vita. Hakujua.

Nilikuwa mdogo nchi ilipokatwa vipande na vita. Kaka yangu mkubwa, ambaye nilimwita yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu wote, alikuwa amefanya mtihani wa Serikali. Karatasi zilipelekwa mbali kusahihishwa, kisha njia zikafungwa. Treni haikuja. Boti hazikupanda mto kutoka upande wa Kisangani. Chumvi ilifika kwa watu waliosukuma baiskeli msituni, na ikifika tuliificha. Kwa mmoja wa watu hao mama alibadilisha mchele kwa kopo la poda, akaliweka juu ya kabati. Yaya alipita chini yake kila asubuhi akijifanya hakuliona.

Halafu siku moja mwenye baiskeli akaleta habari kutoka Kailo. Huko kulikuwa na redio, na redio ilitaja shule ya yaya. Wamefaulu wote, alisema. Alilitaja jina la shule vizuri, la mtakatifu, bila kukosea. Mama akapanda juu ya kiti, akashusha kopo. Nakumbuka wanawake wakicheza bila ngoma, kwa sababu askari hawakupenda kelele, wakipiga makofi kwa ncha za vidole. Yaya alicheka huku amefumba macho. Nami nilipakwa kidogo kwenye pua.

Kiangazi chote kile alikuwa diplome, yaani mtu mwenye diploma. Alivaa viatu. Aliwafundisha watoto wa jirani kusoma, na wazazi wao wakamwita mwalimu.

Majina yalipofika hatimaye, yakabandikwa kwenye mlango wa shule, lake halikuwemo. Mwenye baiskeli hakuwa mwongo. Redio ilikuwa imetaja shule ya mtakatifu yule yule, lakini ya mji mwingine.

"Diplome ya poda, bonjour," vijana walimsalimu. Mwanzoni aliwajibu akitabasamu. Baadaye hata watoto aliowafundisha waliimba jina hilo wakipita mbele ya nyumba. Jioni moja alichukua sabuni, akaenda mtoni, nami nikamfuata. Alijisugua kichwa kwa muda mrefu. Poda ilikuwa imetoka zamani.

Kisha akaondoka na wachimbaji dhahabu kwenda kwenye mashimo ya Kama. Alimwambia mama kwamba atarudi kufanya mtihani tena, watu wakishasahau. Shimo lilimwangukia huko. Aliyetuletea habari alileta pia vile viatu, na mama hajawahi kuliona kaburi.

Kwa hiyo nilipomwagiwa poda nilijua mama anaona nini. Katika wiki zilizofuata nilifikiri mambo ambayo mtu mwingine asingeyafikiri. Nikifumua nywele, watu watasema nimekwisha kukata tamaa. Nisipofumua, watasema najivuna. Nikaziacha, na kila nilipolala mto ulibaki na weupe.

"Mama Daktari, unasafiri lini?" waliniuliza njiani.

Nilijibu "bado", kisha nikatembea nikilipima hilo "bado", kama lilisikika la unyenyekevu au la siri.

Mama hakuuliza kitu. Mara moja tu, tukichambua mawe katika mchele, alisema bila kuinua macho, "Wakisema hapana, utaenda wapi?"

"Siendi popote, mama."

"Yaya yako naye alisema anarudi."

Sikumwambia kwamba nilikuwa nimekwisha kumwandikia mwenzangu wa chuo aliye Kampene, nako ni machimboni, nikimuuliza kama wanunuzi wa madini wanahitaji mtu wa ofisini. Nilijiambia ni tahadhari tu.

Jibu lilikuja asubuhi ya mvua. Neno la kwanza nililoliona lilikuwa la masikitiko. Wanasikitika, walioomba walikuwa wengi na wazuri. Nilitazama kama kweli waliniandikia mimi. Kisha nikaingia chumbani, nikaanza kukunja nguo na kuzitia katika mfuko wa safari. Mama alipita mlangoni, akauona mfuko. Hakuuliza barua imesema nini. Alichukua ndoo, akaenda bombani, ingawa maji yalikuwemo ndani.

Bomba liko nyuma ya ukuta wetu wa matete. Mvua ilikuwa imepungua na wanawake walikuwa wamejipanga. Nilisikia kila neno.

"Mutoto wangu hawakumuchukua," mama alisema, kwa sauti ile ya kuuliza bei ya samaki. "Ile ya kwanza ilikuwa hatua tu, na alisema. Poda mulimwaga ninyi, yeye hakuomba. Kama kuna mwenye jina ya kumupa, anipe mimi. Niko hapa."

Maji yalipiga kwenye ndoo ya mtu.

"Ni mimi nilimwaga, dada," jirani akasema baadaye. "Nani atamupa jina?" Kisha akaongeza, "Na poda yenyewe ilikuwa ya mujukuu. Alijikuna wiki nzima."

Mtu mmoja akacheka kidogo. Haikuwa sauti ya mama.

Aliporudi aliiweka ndoo chini, akavuta kigoda, akaniketisha mbele yake, katikati ya magoti. Akaanza kufumua. Vidole vyake vilikuwa baridi kwa maji ya bomba. Kila msuko ulipofunguka, vumbi jeupe lilimwangukia kwenye kikwembe alichojifunga, naye alilikung'uta kwa upande wa kiganja.

"Yaya yako alijiosha yeye mwenyewe," alisema. "Nilimuona anakamata sabuni. Nikasema nimuache, ni mwanaume sasa."

Nilitaka kumwambia habari za Kampene. Nilikuwa nikitafuta neno la kuanzia, na kila nililolipata lilikuwa na kasoro. Mfuko ulikuwa wazi juu ya kitanda, tuliuona wote wawili.

"Inama," mama akasema, akiivuta ndoo na sabuni karibu.

Nikainama.