Siku Divai Ilipomkataa Mukeke

Nakumbuka mchana mmoja wa wiki ile ya uhuru wa Warundi, mwanangu, mji wetu wa Rumonge kando ya ziwa unanukia mawese mapya, nami nimefunga aproni nyeupe, kichwa kimenivimba kwa sifa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mpishi wa mfanyabiashara Mgiriki aliyenunua mawese kutoka Kizuka hadi Nyanza-Lac. Tulimwita Patro, yaani tajiri wetu. Siku hiyo alikuwa amemwalika administrateri mpya, mkuu wa eneo letu, Mrundi wa kwanza kukalia kiti kile, na kwa heshima yake akaamua kufungua chupa aliyoitunza miaka kumi na mitano: divai nyekundu ya Ufaransa, ya zabibu ziitwazo Syrah.

Jikoni tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa Mama Eliza, mzaliwa wa Fizi ng'ambo ya ziwa, aliyenifundisha kazi tangu kushika kisu. Lakini Patro alikuwa amenisifu mara nyingi mbele ya wageni, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilikwishaanza kumwona mwalimu wangu kama mama wa shamba tu.

Jana yake Mama Eliza aliisimamisha ile chupa wima. "Iko na machicha chini, sawa na mawese," alisema. "Iache itulie." Asubuhi akaimimina polepole kwenye jagi, na machicha yalipokaribia shingo akaacha. Patro alituruhusu tuonje kijiko kimoja kimoja. Mama Eliza akanusa kwa muda mrefu, akaonja, akafumba macho.

"Hii iko muzee," akasema. "Inanukia moshi, pilipili manga, na ngozi ya mukoba wa zamani. Mutoto yangu, haitaki samaki. Inataka mbuzi. Na pilipili kali usitie, muzee hasemeshwi kwa makelele."

Nami nilikuwa nimeonja, nikasikia moshi ule ule. Lakini mukeke wangu, samaki wa ziwa letu, walikuwa tayari, wa siagi na ndimu, kama nilivyosoma kwenye kitabu cha mapishi cha mke wa Patro. "Mama," nikamjibu, "mbuzi ni chakula cha wafanyakazi. Mezani kwa wakubwa hatupeleki moshi."

Alirudi uani kwenye chungu cha wafanyakazi, ambamo bega la mbuzi alilolibanika alfajiri lilikuwa likiiva taratibu kwa vitunguu na mawese kidogo.

Haya, mukeke wakaenda mezani. Nikasimama mlangoni kungoja sifa. Administrateri akala kipande, akanywa divai, akakunja uso. Akaomba maji. Patro naye akaonja, akaweka glasi chini.

"Anna," akaniambia kwa sauti ndogo, "mbona ni kama nimelamba msumari?"

Mwanangu, kuna aibu inayopanda kutoka kwenye nyayo. Ningeweza kusema divai imeharibika. Chupa ya miaka yote ile, nani angebisha? Neno hilo lilinifika mpaka kwenye meno. Lakini nilijua divai ni nzima.

"Patro, kosa ni langu," nikasema. "Divai ni nzuri. Mimi ndiye niliyeiozesha kwa mume asiye wake. Naomba dakika chache."

Nilipofika uani nikamweleza mwenzangu yaliyotokea mezani. Mama Eliza akanitazama. "Ulimi wako ulikuwa wapi?" akaniuliza. Akapakua mbuzi, akapanga ndizi pembeni, akaniwekea sinia mikononi.

Administrateri akala, akanywa. Akaanza kucheka. "Ego, ego, ndiyo! Hii ni nyama ya kwetu, na divai inaijua! Nani amepika?"

Macho yote yalikuwa kwangu. Nikageuka, nikamwita Mama Eliza.

Miaka yote ile hakuwahi kupita mlango wa chumba cha kulia mbele ya wageni. Aliingia akifuta mikono kwa kitenge. Administrateri akasimama. Alisimama, mwanangu, mkubwa yule, akamjazia glasi kwa mkono wake mwenyewe. Mama Eliza akanusa, akaonja, akainamisha kichwa kama anayemsalimu mtu wa rika lake. "Sasa iko inaongea vizuri," akasema. "Murakoze," akamshukuru. Nami nyuma yake nilijaa fahari ambayo sifa zote za Patro hazikuwahi kunipa: fahari ya kuwa mwanafunzi wa mwanamke yule.

Mwaka wa sabini na mbili ulipokuja na mauaji yake nchini mwetu, kila mtu alikimbia kwa njia yake. Mama Eliza sikumwona tena. Mimi nilifika Kigoma bila hata sufuria moja. Kwenye nyumba ya wageni nilikoomba kazi wakanipa mchuzi, wakaniuliza umepungukiwa nini. Nikaonja, nikawaambia, wakaniajiri. Kwa kazi ya jikoni pale nilisomesha watoto wanne.

Basi sikia, mwanangu. Jifunze vya watu, hata divai yao uijue kwa jina na kwa umri, lakini usione haya kwa chungu cha kwenu, kwani mwacha asili ni mtumwa. Usimdharau aliyekufundisha kwa kuwa wageni wamekusifu wewe. Ukikosea, kiri kabla chakula hakijapoa. Na ukisifiwa kwa kazi ya mwenzako, mwite aje aonekane.

Mungu akubarikie mikono yako, ajaze meza yako watu wenye njaa na furaha, na asikunyime hata siku moja mtu wa kukukosoa kwa upendo.