Mguu Uliojibu Bila Mwenyewe

Alikuwa fundi rangi, na kwa kazi za juu mtaa mzima ulimjua. Alisimama kwenye ubao mwembamba ghorofa ya pili, akipiga rola huku akiwatania wapita njia. Siku ubao ulipogeuka alianguka chali juu ya rundo la matofali. Fahamu hazikumtoka. Alimwambia fundi mwenzake, "Hebu nitafutie miguu, siioni ilipo." Miguu ilikuwa imenyooka mbele ya macho yake.

Hospitali walimfunga vyuma mgongoni, baadaye wakamruhusu. Mkewe alikuwa mshonaji. Akahamishia cherehani kando ya kitanda ili ashone huku akimgeuza ubavu huu na huu. Mama yake fundi naye akaja kusaidia.

Wiki za mwanzo miguu ilikuwa imelegea kama nguo mbichi. Kisha asubuhi moja mama alipokuwa akimwosha unyayo kwa kitambaa, mguu wa kulia ukajikunja ghafla. Goti likapanda, beseni likamwagika.

"Umesogea," mama alisema. "Mwanangu, umesogea."

Fundi alikuwa anatazama dari. "Nini kimesogea?"

Mama hakulisikia swali hilo. Alishatoka kwenda kuwaambia majirani. Mkewe alilisikia, na halikumtoka moyoni.

Walimrudisha hospitali wote watatu wakiwa na matumaini, kila mmoja kwa kiasi chake. Daktari, mwanamke wa makamo asiyependa kuzunguka, alimwambia fundi afumbe macho, akamgonga chini ya goti kwa nyundo ndogo ya mpira. Mguu ukaruka.

"Nimegonga wapi?"

"Si hujagonga bado?" alijibu fundi.

Mama akashika ukingo wa kitanda. Daktari akamgeukia. "Mama, ukigusa sufuria ya moto, mkono unaruka kabla hujasikia kuungua, sivyo? Habari inapita kwenye mshipa wa fahamu hadi kwenye uti wa mgongo, na amri ya kuvuta inatokea hapo hapo. Ubongo unaambiwa baadaye. Alipoanguka, uti wake ulizimia. Sasa sehemu ya chini imezinduka, ndiyo maana mguu unajivuta wenyewe. Lakini njia ya kupanda kwenye ubongo imekatika. Yeye haambiwi kitu. Na akiuagiza mguu, agizo linakwama hapo hapo."

"Itaunga?" mama akauliza.

Daktari akamtazama usoni. "Kwa alivyoumia, sitegemei."

Wakarudi nyumbani. Fundi akajaribu utani wake wa zamani. "Miguu yangu imekuwa wapangaji. Tunakaa nyumba moja, hatusalimiani." Mkewe aliendelea kushona, ila mshono ulikwenda upande na ikabidi aufumue.

Mama hakukubali. Kila alipobaki peke yake na mwanawe alimpitishia ukucha unyayoni, mguu ukajivuta, naye akatabasamu. Siku moja mkamwana alimkuta.

"Mama, daktari si alishasema?"

"Alivuta hivi hivi nilipokuwa namkanda akiwa mchanga," mama alisema bila kugeuka.

"Mwache," fundi akasema. "Mimi hainiumizi."

Hapo ndipo palipokuwa na balaa. Mguu ulipokuwa ukijivuta na kurudi, kisigino kilisuguana na chuma cha kitanda chini ya blanketi, mara nyingine wenyewe tu, bila kuguswa na mtu. Harufu ndiyo iliyowashtua. Mkewe alipofunua, ngozi ilikuwa imekwisha na kidonda kimeingia ndani. Mama alikitazama, akaweka mikono yake mapajani, na tangu hapo hakuugusa tena mguu ule.

Mkewe alikizungushia chuma vipande vya vitambaa na kuanza kuosha kidonda asubuhi na jioni. Hakikupona upesi, kilikuwa kikipungua, halafu kinarudi. Fundi hakusikia chochote. Alilala akimtazama mkewe usoni, na kwa jinsi uso ule ulivyokunjamana ndivyo alivyojua siku hiyo kilikuwa kibaya kiasi gani.