Kaka yangu aliniachia baiskeli mlangoni mwa msikiti

Admin, naomba unifichie jina. Mama yangu hayumo mtandaoni, lakini binamu zangu wote wamo humu na midomo yao naijua.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, sijaolewa, nafanya kazi katika ofisi ya mizigo hapa Mombasa. Kwetu ni Ukambani. Naishi Buxton na kaka yangu, nitamwita Daudi, ambaye ni fundi wa umeme. Baba yetu alifariki mwaka jana, na Jumamosi hii inayokuja tunaweka msalaba kaburini. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza ndiye anayesimama pale, anasoma neno na kuongoza maombi, ndipo msalaba uwekwe. Mama ameingojea siku hiyo tangu tulipomzika mzee. Kila akipiga simu ni Daudi atasoma, Daudi atavaa nini.

Sasa wiki iliyopita rafiki yangu wa kazini, Mwanaisha, mzaliwa wa Mji wa Kale, alitupangia matembezi ya baiskeli za kukodi. Safari fupi tu, tulikuwa watu wachache: tupite Mji wa Kale, tutokee Ngome, tumalizie Mama Ngina kwa mihogo na madafu, basi. Nilifurahi Daudi alipokubali kuja, maana siku hizi amekuwa mtu wa kujifungia.

Baiskeli yangu ikapata pancha mapema na tukachelewa. Daudi akaanza kutazama saa, anatazama tena. Tukipiga picha penye milango ya kuchonga, yeye yuko mbele anasema, "Twendeni, twendeni." Nikamwambia kama amechoka nasi aseme. Akacheka cheko la uongo.

Tukiwa kwenye kichochoro chembamba, adhana ya adhuhuri ikaanza. Daudi akashika breki mlangoni mwa msikiti mdogo, akaniwekea baiskeli yake mkononi. "Nishikie," akasema, akavua viatu, akaingia na kile kibegi chake ambacho asubuhi alikataa nitie hata chupa ya maji. Wenzangu wakaniuliza ameenda wapi. Mimi kwa kujiamini nikajibu, "Ameenda msalani jamani, tumbo lake mnalijua."

Tukangoja. Nikaanza kuona haya, nikamwendea mzee mmoja aliyekuwa akivua viatu mlangoni, nikamwomba aniangalizie kama kaka yangu ni mgonjwa huko ndani. Akaniuliza yukoje, nikamweleza. Akatabasamu. "Ah, Daudi! Si mgonjwa, mwanangu. Yuwaswali. Ngojea kidogo, yuwaja."

Mwanaisha akanitazama, akaniambia polepole, "Kwani hukujua? Sisi wa huku twamwona akija kuswali. Mimi nilidhani wajua, ndiyo maana sikukwambia kitu."

Kila kitu kikanirudia pale pale. Soseji za nguruwe alizoziacha. Vile vidonda vya tumbo vya mwezi wa Ramadhani, eti daktari amemwambia ale jioni tu. Vidonda gani hivyo vinavyongoja magharibi! Na mimi mjinga nilikuwa namchemshia uji.

Alitoka mikono ya shati ikiwa imelowa. Hakuniangalia. Akavaa helmeti juu ya kofia nyeupe aliyosahau kuivua, tukaondoka. Mpaka Mama Ngina nilikuwa nyuma yake nikiutazama ule ukingo mweupe chini ya helmeti, nalia huku nakanyaga pedali. Sikulia kwa sababu ya dini. Nililia kwa sababu tunakula sahani moja na sikuambiwa.

Tulipokaa tu, kabla hata mihogo haijatiwa pilipili, mama akapiga. Nikaweka sauti ya nje kwa mazoea. "Mwambie Daudi asisahau Biblia ya baba yake. Nimeshawaambia watu wa kanisa kwamba atasoma hiyo hiyo." Daudi akatikisa kichwa. Nikasema, "Sawa, mama."

Nikamvuta pembeni. Akasema, "Nitakuja. Nitachanganya saruji, nitabeba mawe, msalaba wa baba nitaushika kwa mikono yangu. Lakini nisimame nisome nikijifanya ni yule yule, siwezi. Nitakuwa namdanganya baba."

"Na mimi kunidanganya mwaka mzima si kitu?"

"Wewe ndiye niliyekuogopa zaidi," akasema. "Leo nilikuja nikuambie. Kila nikifungua mdomo, nashindwa."

Anataka tuseme koo linamuuma, nisome mimi, naye atamwambia mama mambo ya maombolezo yakishapita. Mama ana presha. Lakini mama si mjinga, na wajomba watauliza kwa nini binti ndiye amesimama. Nikimwambia kabla, nitakuwa nimemharibia siku aliyoingojea na nimemsaliti kaka yangu. Nikinyamaza, atajua siku moja kwamba nilisimama juu ya kaburi la mumewe nikijua.

Tulipofika nyumbani Daudi alinawa mikono, akaiteremsha Biblia ya baba kutoka juu ya kabati. Alikuwa ameifunga kwa kitambaa safi, haina hata vumbi. Akanipa mikononi. Hasira yangu ilitaka kuisha hapo, nikaizuia.

Jana mama alipiga tena. Akaniuliza, "Huko pwani kuna kitu mnanificha?" Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Tunasafiri Ijumaa. Biblia iko kwenye begi langu. Nyinyi wenye familia za dini mbili, na nyinyi mliowahi kubebeshwa siri ya mtu mnayempenda, niambieni: nimwambie mama kabla hatujafika kaburini, au nisome ninyamaze? Semeni lolote, hata mimi nitukaneni. Ila kaka yangu msimguse. Huyo niachieni mwenyewe.