Ukungu wa Rungwe na Adabu ya Mkamwana

Siku moja ya masika naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na wala sikuwa nimevaa vizuri. Mwanangu, nasikia wewe na wenzako mnataka kupanda Rungwe Pasaka hii mkapige picha. Kaa kwanza.

Mimi unanijua. Kutoka jikoni hadi kwenye migomba tayari nahema, na sioni aibu. Mtembezi hula miguu yake. Lakini nilipoolewa Kinyala, nikitokea Ibighi na kidato cha nne changu kichwani, wifi yangu Tumpale hakuniacha. "Wifi, wewe mlima unaujua kwenye ramani tu," alinicheka. Nikamjibu kwamba volkano nimezisoma zote. Basi asubuhi moja, jua likichekacheka kinafiki, tukapanda.

Mlima wetu hauna barafu kama Kilimanjaro, ndiyo maana watu huudharau. Tulipotoka kwenye mianzi, ukungu ukatushukia. Mvua ya mawe ikafuata. Nyasi zikawa utelezi mtupu, na kijito tulichokiruka tukicheka kikaanza kunguruma. Nikaanguka, kifundo cha mguu kikavimba. Tumpale akakifunga kwa kitambaa chake cha kichwa. "Wifi, usitoke hapa. Nakimbilia nyumbani kuita mtu."

Sasa sikia. Wanaume wengine wote wa nyumbani walikuwa sokoni Tukuyu. Aliyekuwepo ni baba mkwe. Akamtuma Tumpale kwa majirani kuomba msaada, yeye akatangulia mlimani na mbwa wake.

Wewe wa leo unakula meza moja na mkweo, hutaelewa. Enzi zetu, mkamwana hakuonana na baba mkwe. Akija njia hii, unaingia migombani na kujifunika. Hamsemezani. Nilikaa mwaka mzima katika ua ule nikimjua kwa kikohozi tu.

Kikohozi hicho nikakisikia ndani ya ukungu. "Eee, uko wapi?" akaita.

Nikajifunika kanga, nikajikunja nyuma ya mti, kimya. Meno yanagongana, vidole havina habari, nami nalinda heshima! Akaita tena, sauti ikaanza kwenda mbali. Bado nimebana mdomo. Na elimu yote ile, mwanangu.

Kilichoniokoa ni chafya. Ilitoka yenyewe.

Hatua zikasimama. Mzee hakusogea kunitazama. Akanipa mgongo, akaanza kuzungumza na mbwa.

"Simba, fimbo naiacha hapa, mwenye mguu mbaya aiokote. Kijitoni hatupiti, kimejaa. Tunazunguka kwa juu. Simba, jiwe hilo linateleza, shika upande wa mianzi."

Nikaokota fimbo, nikaifuata sauti. Nilipobaki nyuma, alimgombeza mbwa: "Simba, haraka ya nini? Huoni tumefuatana na wasomi?" Nikacheka huku nalia. Hakugeuka hata mara moja, mpaka tukauona moshi wa nyumbani.

Mama mkwe alinipokea kwa uji wa moto na ulimi wa moto zaidi.

"Ulimsikia akiita?"

"Ndiyo, mama."

"Ukanyamaza?"

"Ni adabu, mama."

"Adabu ni ya walio hai! Ungefia huko, nani angemheshimu mzee, jeneza lako?"

Tumpale, aliyekuwa analia kwa hofu, akaangua kicheko, nami nikafuata. Usingizi mtamu kama wa usiku ule sijaupata tena.

Kwa hiyo, mwanangu, masika uache mlima upumzike. Ngoja kiangazi, njia ikauke. Hata hapo nenda na mwenyeji, beba koti na nguo kavu, na ukungu ukianza kushuka geuza, kilele hakihami. Kijito kilichojaa usikijaribu, hata kama asubuhi kilikufika kwenye kifundo. Lakini kubwa ni hili: ukipotea, mlimani au penginepo, ukiitwa itika. Isikufunge mdomo kwamba anayekuita ni mkweo, au mwalimu wako, au mtu mliyegombana jana. Mficha maradhi, kilio humfichua. Heshima utaitengeneza baadaye, watu wana njia zao za kukupa mgongo ukavuka salama.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akurudishe kwa mama yako umelowa, una njaa, unajisifu mpaka tukuchoke, lakini mzima.